Ukitaka kuchora watu wa Feri, anza na shingo

Picha yangu ya kwanza ya Feri, soko la samaki la Dar, ilinila wiki tatu, na ilikuwa mbovu. Nilichora kila gamba la changu na kila sura hadi ndevu. Nikamwonyesha mbeba mizigo mmoja niliyemchora. Akacheka: "Kaka, mbona hilo tenga halina kitu?" Tenga lilikuwa limejaa dagaa pomoni! Ila alisema kweli: nilikuwa nimemsimamisha wima kama anapigwa picha ya pasipoti.

Kilichonifungua macho ni picha ya makuli wanaoshusha makaa ya mawe. Mchoraji Mfaransa Claude Monet aliichora mwaka 1875 huko Asnières, kando ya Mto Seine karibu na Paris. Sasa iko Musée d'Orsay, jumba la makumbusho la Paris. Vyombo vya majini vimebanana ukingoni, mbao nyembamba zimetandazwa hadi nchi kavu, na juu yake wanaume wanapishana: hawa makapu yamejaa, wale wanarudi na matupu. Sura huzioni, lakini nani kabeba na nani kashatua unajua palepale, hata kwenye kioo cha simu kama nilivyoitazama mimi. (Wengi humsifu Monet kwa maua ya bwawani. Mimi nipeni makuli wake.)

Basi nenda Feri alfajiri, mashua zikiingia. Jua letu halina subira. Ikifika saa tatu limeshapanda na vivuli vimekufa. Nusu ya saa ya kwanza usichore. Chagua njia moja tu, tuseme kutoka majini hadi mnadani, uangalie shingo. Mwenye mzigo, shingo inazama mabegani chini ya kata, magoti hayanyooki, mkono mmoja uko juu. Anayerudi, tenga linamning'inia kiunoni na anaongea na kila mtu. Kiwiliwili, shingo, tenga: brashi ipite mara tatu, uache. Ukirudi kutia macho, umeharibu.

Rangi ya akriliki kwa joto la Dar hukauka hujageuka, kwa hiyo beba chupa ya kupulizia maji. Rangi nyeusi iache nyumbani. Vivuli vya majini changanya bluu na kahawia.

Na omba ruhusa. Wazee waamkie, ununue hata samaki wa elfu mbili, maana umekaa kwenye njia ya watu wanaotafuta riziki.

Picha ya pili niliimaliza kwa asubuhi nne. Yule kaka safari hii hakucheka. Aliuliza tu, "Hapo nimebeba nini, pweza?"