"No question" inayothibitisha na "no question" inayokataa

Wadogo zangu wa tafsiri, jana nimehariri rasimu ya pili ndani ya mwezi mmoja yenye kosa lilelile: kuchanganya misemo ya Kiingereza inayofanana. Hili lazima niliandike.

1. "In time" ni kuwahi kabla mlango haujafungwa. "On time" ni saa ileile iliyopangwa. Mnalijua, ila mkiharakishwa mnalisahau.

2. "There is no question that" na "there is no question of". Hapa naomba mtulie. Ya kwanza inathibitisha: jambo ni la hakika. Ya pili inakataa: jambo halipo wala halifikiriwi.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini nilipoletewa tangazo la kiwanda kimoja, ukurasa mmoja tu, la kubandikwa getini. Matini chanzi ilisema, "There is no question of workers being laid off." Nikaona "no question", mkono ukaandika wenyewe: "Hakuna shaka kuhusu kupunguzwa kwa wafanyakazi." Sikuirudia. Ijumaa jioni likabandikwa. Meneja alitaka kuwatuliza watu waliokuwa wakisikia fununu. Mimi nikaigongea muhuri ile fununu.

Jumatatu nikapigiwa simu, nikaenda mwenyewe. Mama mmoja wa upakiaji aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba Jumamosi aliuza cherehani yake kwa bei ya kutupa ili apate nauli ya kuwarudisha watoto kijijini. Nikamwomba radhi. "Nimekusikia, mwanangu," akasema, akarudi kazini. Malipo yangu ya kazi ile nilimpelekea yeye. Hayakufika hata nusu ya cherehani.

Ndiyo maana nikiliona "no question" kwenye rasimu yako nakupigia hata saa nne usiku. Usinikasirikie. Angalia neno linalofuata, "that" au "of", kisha isome sentensi yako ya Kiswahili kwa sauti, kama mtu aliyesimama pale getini.

3. "To table a motion". Kwa Waingereza, na kwa Bunge letu lenye "hati za kuwasilisha mezani", ni kuleta jambo lijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuliweka kando. Churchill ameeleza jinsi maofisa wa pande hizo mbili walivyobishana kwa muda mrefu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kumbe wote walitaka jambo lilelile. Uliza kwanza mteja ni wa wapi.

4. "Few" ni wachache mno, karibu hakuna. "A few" ni wachache, lakini wapo. Aliyeniletea ripoti ya juzi afungue ukurasa wa 4, nimemwekea alama.