Nyayo za mama zinawaka moto: pima kabla ya kununua sindano

Ndugu, umesema mama ana kisukari, anameza metformin, dawa ya kushusha sukari, kwa miaka mingi, na sasa nyayo zinawaka moto usiku huku vidole vikifa ganzi. Tafadhali, sindano za vitamini za dukani zisubiri. Apimwe kwanza HbA1c, yaani wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu, na kiwango cha vitamini B12.

Sukari ikikaa juu huharibu neva, yaani mishipa ya fahamu, pamoja na mishipa midogo ya damu inayozilisha, na neva ndefu kuliko zote, za miguuni, ndizo huumia kwanza. Kwa wengi lengo ni HbA1c chini ya asilimia 7. Kwa mzee, daktari hulegeza lengo hilo kidogo ili sukari isishuke mno. Metformin nayo hupunguza ufyonzaji wa B12, na upungufu huo huleta ganzi ileile. Hutibika, ila ukichelewa uharibifu hubaki. Asiache metformin kwa uamuzi wake. Wala asimeze foliki asidi, vidonge vya kuongeza damu, peke yake kabla ya kipimo: damu itaongezeka huku neva zikiendelea kuharibika. Vitamini B6 nyingi kwa miezi pia huharibu neva, na wauzaji wengi hawasemi.

Kila jioni mkague nyayo na katikati ya vidole. Asikande miguu kwa maji moto, maana hatahisi akiungua. Mtu mwingine ampimie maji ya kuoga kwa kiwiko. Asitembee pekupeku. Akipata kidonda, hata kisichouma, hospitali siku hiyohiyo. Miguu ikilegea ndani ya siku chache, msidhani ni kisukari tu: mpelekeni idara ya dharura.