Ukistaafu Ukataka Kuhamia Shamba Karibu na Watoto

Tangu mimi na mume wangu tuhamie shambani, karibu na binti yetu wa pili, wenzetu wanaokaribia kustaafu hawaachi kutuuliza kama na wao wafanye hivyo. Jibu langu ni ndiyo, mwenye nafasi hiyo aifikirie kwa uzito. Lakini natanguliza sharti moja ambalo kwangu ni kubwa kuliko mengine yote: chagua ardhi ambayo ungeweza kuishi juu yake hata kama mtoto huyo asingekuwa jirani yako.

Naona watu wanalipita sharti hili kwa sababu furaha imewajaa. Mtoto anasema, "Mama, njooni huku, kuna eneo linauzwa," na moyo unakwenda mbio kuliko akili. Fikiria umri wa watoto wetu, hata hivyo. Bado wako kazini. Wanaweza kuhamishwa, biashara zao zinaweza kubadilika, wajukuu wakikua wanaweza kuwafuata kwenye shule za mbali. Wao wakihama wataanza tena, kwa kuwa wana miaka na mshahara mbele yao. Wewe uliyejenga kwa kiinua mgongo huna kingine kinachokuja nyuma yake. Kwa hiyo kila tulipokwenda kuangalia ardhi, mume wangu alikuwa akiniuliza: "Huyu mtoto akiondoka mwakani, sisi tutabaki hapa?" Nikisita kujibu, tulikuwa tunaondoka.

Palikuwa na eneo lililopakana kabisa na la binti yetu. Tambarare, udongo mweusi, miti mikubwa ya kivuli, na unaweza kuita mtu aliyeko nyumba ya pili bila kupaza sauti. Tulikwenda kuliona kiangazi, tukarudi tena wakati wa mvua kubwa. Safari ya mvua ndiyo iliyoamua. Kijito kilichokuwa mchanga mtupu kiangazi kilikuwa kimepita juu ya barabara, na ungeweza kuona kwenye magome ya miti mstari wa tope ulioonyesha maji hufika wapi. Binti yetu alishangaa: "Baba, si mlisema mnataka kuwa karibu?" Baba yake akamwambia, "Karibu tunataka, mwanangu. Lakini siku ya mvua kama hii hata gari la wagonjwa halitatufikia." Tukachukua eneo la juu zaidi, mbali kidogo na kwao, lenye njia isiyokatika.

Basi ushauri wangu kwa anayetafuta ni huu: usinunue ardhi uliyoiona msimu mmoja tu. Ione kiangazi na masika, mchana na usiku. Usiku utajua kama simu inashika mtandao ndani ya nyumba au mpaka upande kichuguu, na utasikia kelele ambazo mchana hazipo. Zungumza na majirani kuhusu maji, na usimtegemee muuzaji peke yake. Na kabla ya kulipa, mwite mpima ardhi atembee nawe mipaka yote, jiwe kwa jiwe, majirani wakiwepo. Kesi za mipaka humaliza nguvu za mtu mzima kuliko jembe.

Kwenye maji sitaki upite haraka. Umoja wa Mataifa, ambao mwaka 2010 ulitambua maji kuwa haki ya binadamu, hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu mmoja kwa siku kuwa ndizo zinazotosha kunywa, kupika, kuoga na usafi. Chukua kile kiwango cha chini. Wazee wawili mnahitaji lita 100 kila siku, na kiangazi cha miezi mitatu ni kama lita 9,000, kabla hujamwagilia hata tuta moja la mboga. Tangi la lita 5,000 ambalo watu hulitazama wakaona ni kubwa litakwisha kwa siku 50. Habari njema ni kwamba paa lako lenyewe ni chanzo cha maji: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 1,200, ingawa kiasi fulani hupotea njiani. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua matangi, kisha uhakikishe una chanzo cha pili, kiwe kisima au bomba, kwa sababu mvua haisomi kalenda yetu.

Kama utachimba kisima, choo na shimo la maji taka vikae mbali nacho. Kipimo kinachotumika sana ni angalau mita 30, na shimo liwe upande wa chini wa mteremko. Udongo nao una maneno yake. Tulichimba kishimo, tukakijaza maji jioni, tukakiangalia asubuhi. Sehemu moja ya shamba maji yalikuwa yamekwisha kabisa, sehemu nyingine yalikuwa bado yamesimama kama tulivyoyaacha. Hiyo ya pili hatukuiwekea shimo la maji taka wala msingi wa nyumba.

Jambo la afya nalisema waziwazi kwa sababu watu wa rika letu hulionea aibu. Ardhi ya mashambani inavutia kwa utulivu wake, na utulivu huo huo maana yake hospitali iko mbali. Kiharusi kinachotokana na damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha donge, lakini dawa hiyo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya mgonjwa kupigwa picha ya kichwa. Kituo kidogo kisicho na kipimo hicho hakiwezi kukusaidia kwa hilo. Kwa hiyo usipime umbali kwa kilomita. Panda gari, nenda mpaka hospitali yenye vipimo vya kweli, uone unatumia muda gani siku ya tope. Mwenye presha au kisukari aulize pia kama dawa zake hupatikana jirani kila mwezi. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na hapa ndipo mtoto wa karibu anapokuwa baraka. Lakini naye lazima ajue hospitali ni ipi, dawa zako ni zipi, na kadi yako ya matibabu iko wapi.

Nyumba yenyewe sitaichambua sana. Iwe ya chini, bila ngazi ndani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na walio wengi katika vifo hivyo ni watu wa miaka zaidi ya 60. Sakafu ya bafu isiteleze, ukuta uwe na vishikizo karibu na choo na mahali pa kuogea, taa iwepo njia yote kutoka kitandani hadi msalani. Milango iwe na upana wa sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite. Kwenye mlango wa mbele weka njia ya mteremko badala ya ngazi: kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu, kwa hiyo kizingiti cha sentimita 30 kinataka mita 3.6. Vitu hivi ni rahisi fundi akiwa bado yupo, na ni ghali ukija kuvunja ukuta ukiwa mgonjwa.

Sasa nije kwenye mazungumzo na watoto, ambayo kwangu yana uzito kuliko msingi na paa. Tulikaa na binti yetu pamoja na mume wake kabla ya kutoa fedha yoyote. Nasisitiza pamoja na mume wake. Mkwe naye ni mwenye nyumba, na anayehamia jirani ni wazazi wa mwenzake. Kumpa taarifa mambo yakiwa yameshaisha ni kumvunjia heshima. Mkwe wetu ni mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo alisema, "Mama, samahani, nina ombi moja. Mkisikia siku tumepishana kauli humu ndani, tuachieni wenyewe." Mume wangu akamjibu, "Tumelipokea, baba." Ombi lile limelinda amani yetu mpaka leo, na lisingesemwa kama tungesubiri mpaka ugomvi utokee.

Tuliongea pia habari ya wajukuu. Bibi na babu wakiwa jirani ni rahisi sana nyumba yao kugeuka shule ya chekechea bila mtu kuamua. Nawapenda wajukuu wangu kupita kiasi, na ndiyo sababu nilitaka tupange. Tulikubaliana tuwapokee mchana wakitoka shule, usiku wakalale kwao isipokuwa kuna dharura. Na mwenye kuchoka aseme amechoka, bila mwingine kununa. Kuhusu kutembeleana, tunapigiana simu kwanza. Kuna watu wataona huo ni ugeni kati ya mzazi na mtoto. Mimi naona ni adabu, na adabu hiyo hiyo ndiyo inayomfanya binti yetu aje kwa hiari yake, tena mara nyingi.

Usiwasahau watoto walio mbali. Anayeishi karibu na wazazi ndiye hupigiwa simu usiku wa manane, ndiye hupoteza siku ya kazi kuwapeleka hospitali, na ndiye hulaumiwa na ndugu zake mzee akikonda. Nimeona familia nzuri zikigawanyika kwa jambo hili. Tuliwaita wote, walio mbali kwa simu, tukagawa majukumu: mmoja ashughulikie bima na dawa, mwingine achangie mafuta ya gari na matengenezo ya nyumba, wa karibu awe macho na mikono. Tuliandika, kila mmoja akabaki na nakala yake. Kaka yao mkubwa alinyamaza kwanza, kisha akamwambia dada yake, "Sikuwa nimefikiria kwamba wewe utabeba yote." Kauli hiyo ilimtoa binti yetu machozi, na nadhani alikuwa ameingojea muda mrefu.

Kisha kuna suala la jina kwenye hati. Baadhi ya wazazi hujenga juu ya ardhi ya mtoto ili kuokoa fedha. Katika nchi nyingi sheria huchukulia nyumba kuwa sehemu ya ardhi iliyojengwa juu yake, maana yake ni kwamba akiba ya maisha yako inaweza kuwa mali ya mtu mwingine kisheria. Mtoto anaweza kukupenda kwa moyo wote na bado akafariki kabla yako, akaachana na mwenzake, au ardhi ikawekwa rehani kwa mkopo wa benki. Kama hamna njia nyingine, nendeni kwa mwanasheria muandike haki yenu ya kuishi hapo mpaka mwisho wa maisha yenu. Sisi tulinunua kwa majina yetu wawili, na wosia ukaandikwa mwaka huo huo ili watoto walio mbali wasiwe na shaka kwamba wa karibu ndiye atakayerithi kila kitu kimyakimya.

Ukubwa wa shamba ulingane na mwili wako wa miaka kumi ijayo, si nguvu ulizonazo leo. Wastaafu wengi wanataka ekari nyingi kwa sababu hatimaye wana muda. Muda upo, lakini mgongo nao una umri. Kipande unachoweza kukipalilia mwenyewe polepole, asubuhi kabla jua halijawa kali, kitakupa afya na mboga za kutosha. Panda miti ya matunda mapema kwa kuwa inachukua miaka, na eneo linalobaki liache na miti au malisho. Ukitegemea vijana wa nyumba ya mtoto waje kulima wikiendi, utakuwa umewaongezea kazi ambayo hawakuiomba.

Jengeni urafiki na watu wengine pia. Mtoto mmoja na familia yake hawawezi kuwa dunia yako yote, hawana muda huo na si haki kuwadai. Tulipohamia nilijiunga na kikundi cha akina mama wa eneo letu na kwaya, mume wangu akaingia kamati ya maji. Majirani ndio waliotufundisha msimu wa kupanda, na siku binti yetu akiwa safarini wao ndio hutugongea kuuliza hali.

Kwa anayeweza, pangisha nyumba huko kwanza, ukae msimu wa mvua na wa kiangazi, na nyumba yako ya zamani uipangishe badala ya kuiuza. Kodi itasaidia, na mlango wa kurudi utabaki wazi. Uzeni wakati nyote wawili mmeridhika. Namaanisha wawili kweli, kwa sababu mara nyingi mmoja ndiye mwenye hamu ya shamba na mwingine anafuata kwa kumpenda. Mwulize mwenzako mkiwa peke yenu, watoto wasiwepo, na mpe muda wa kujibu.