Wasomaji Wanauliza: Kitanda cha Bei Nafuu Marseille

Barua nyingi za mwezi huu kutoka Mwanza na mwambao wa ziwa zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu alaleje hosteli (nyumba ya wageni inayokodisha kitanda katika chumba cha pamoja) mjini Marseille, bandari kubwa ya kusini mwa Ufaransa, bila kupoteza fedha wala usingizi. Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Ndugu wahariri, habari za kazi. Nimepata kozi fupi ya siku 14 Marseille mwezi Julai. Nimeona hosteli ambayo kitanda ni rahisi mno, ila fedha hairudishwi. Nilipie sasa ili nipate karatasi ya kupeleka ubalozini?
*Mwanafunzi, Malimbe*

JIBU: Usilipie hicho. Viza bado huna, na ikikataliwa au ikichelewa hosteli haina wajibu wa kukurudishia chochote. Chukua bei inayoruhusu kughairi bure, hata ikizidi kwa euro mbili tatu kila usiku. Kisha soma mwisho wa kughairi: hosteli nyingine huruhusu hadi saa 24 kabla ya kufika, nyingine 48 au 72, na saa hizo huhesabiwa kwa saa za kule. Mwezi Julai Marseille iko nyuma yetu kwa saa moja (majira ya baridi ni saa mbili). Wakiandika mwisho ni 23:59, kwako Malimbe ni dakika moja kabla ya saa saba usiku.

Ubalozini karatasi hiyo ina thamani kuliko unavyodhani. Ufaransa humtaka mgeni aoneshe fedha za kujikimu: euro 65 kwa siku kwa aliyekwisha kuweka nafasi hotelini au hosteli, na euro 120 kwa siku kwa asiye nayo. Kwa siku zako 14 ni tofauti kati ya euro 910 na 1,680 kwenye taarifa yako ya benki. Ukiweka nafasi kwa siku sita tu ukisema nyingine utajua huko huko, siku nane zilizobaki zitahesabiwa kwa kile kiwango kikubwa. Kwa hiyo karatasi ifunike kila usiku, na majina yako yafuatane kama yalivyo kwenye pasipoti, yote matatu kama yamo matatu.

Mambo mengine ya viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipaka kati yao, Ufaransa ikiwemo) ni haya: maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai miezi 3 baada ya siku ya kutoka Ulaya. Usisubiri zile siku 15 za mwisho. Uchunguzi wa ombi unaweza kurefushwa hadi siku 45, na kutoka Mwanza una safari ya Dar es Salaam ya kutoa alama za vidole.

Sasa kadi, maana hapa ndipo nafasi za Watanzania wengi hufutwa. Hosteli huijaribu kadi yako siku chache kabla hujafika. Ikikataa, hukupa muda mfupi wa kuleta nyingine, kisha hukiachia kitanda. Kadi hukataa kwa sababu tatu: benki haijaifungulia malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi, kikomo cha siku ni kidogo, au salio liliwekwa jioni ya kuamkia malipo na halijaingia. Nenda tawini, uombe vyote viwili vifunguliwe, ulizia kikomo. Zile kadi za kidijitali za kwenye simu hulipia vizuri mtandaoni, lakini baadhi ya mapokezi hutaka kuiona na kuichanja kadi yenyewe iliyotumika, kwa hiyo tumia ya plastiki. Na laini yako ya Tanzania iwashiwe huduma ya kutumika nje kabla hujaondoka. Bila hiyo, namba ya siri ya kuthibitisha malipo itatumwa na wewe hutaiona.

Mashine ya kule ikikuuliza kama unataka kulipa kwa euro au kwa shilingi, chagua euro. Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilishia, nacho huwa kibaya.

SWALI: Ndege yangu inatua Marseille saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 8. Niweke nafasi kuanzia tarehe 8?
*Msomaji, Musoma*

JIBU: Weka tarehe 7. Usiku wa hosteli huitwa kwa tarehe ya mchana uliotangulia: kitanda cha tarehe 7 kinaanza saa 15:00, yaani saa tisa alasiri ya tarehe 7, na kinaisha saa nne au saa tano asubuhi ya tarehe 8. Ukiandika tarehe 8 utakuta mlango, utaambiwa kitanda chako kinaanza alasiri, na utakaa sebuleni mpaka kuche.

Ukishaweka 7, waandikie kwamba utafika baada ya saa sita usiku, utaje namba ya ndege. Asiyetokea bila taarifa huhesabiwa kuwa hakuja. Hutozwa usiku wa kwanza, na mara nyingine siku zote zilizobaki hufutwa. Uliza pia kama mapokezi yana mtu usiku kucha. Ambako hayana, hutumiwa namba za siri za mlango kwa barua pepe. Zihifadhi kwenye simu kwa picha, maana nje ya mlango huna intaneti.

Uwanja wa ndege uko Marignane, nje ya mji. Mabasi yake huishia stesheni kuu ya Saint-Charles, mwendo wa nusu saa hivi kama barabara ni nyeupe. Kutoka hapo, metro (treni ya chini ya ardhi) ya mstari wa M1 inakufikisha Vieux-Port, bandari ya zamani, kwa vituo viwili tu. Mchana teremka kwenda metro ukiwa ndani ya stesheni, usitokee mbele: kule kuna ngazi maarufu yenye vipandio 104, na sanduku la kilo 23 halina burudani juu yake. Usiku wa manane usitegemee metro. Weka kando fedha ya teksi, na upande zile zilizopanga foleni rasmi.

Mapokezi watataka pasipoti na kukujazisha fomu ya polisi ya wageni. Ni sheria ya nchi, wala si kwamba wamekutilia shaka. Watakudai pia kodi ya ukaaji, ambayo hutozwa kwa kila mtu kwa kila usiku na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoiona mtandaoni. Walio chini ya miaka 18 hawaitoi.

SWALI: Binti yangu ana miaka 19 na anasafiri peke yake. Nimesikia wanalala wanaume kwa wanawake chumba kimoja. Ni salama?
*Mama, Nyakato*

JIBU: Shikamoo mama. Vyumba mchanganyiko vipo, ila hosteli nyingi zina pia bweni la wanawake watupu, na bei yake huwa ileile au juu kidogo. Anapoweka nafasi asome jina la chumba: kama hakuna neno linalotaja wanawake, ni mchanganyiko. Achague cha vitanda 4 au 6. Cha vitanda 10 au 12 ni nafuu, lakini kuna anayeingia saa nane usiku na anayeondoka saa kumi alfajiri, na wote wawili wana mifuko ya nailoni.

Hatari kubwa hosteli ni wizi mdogo, na unazuilika. Kila kitanda kina kabati lake, lakini kufuli ni la mgeni. Yale makufuli makubwa ya kufungia kibanda cha biashara hayaingii, kwa kuwa tundu la kabati ni jembamba. Anunue la milimita 40, lenye chuma cha juu cha unene wa milimita 5 au 6. Makabati mengine hayamezi sanduku. Hupokea begi la mgongoni tu. Basi pasipoti, fedha, kadi na simu ndivyo vikae humo, sanduku lenye nguo libaki chini ya kitanda. Aendapo kuoga achukue pochi yake kwenye mfuko usioingiza maji. Simu isiachwe ikichajiwa sebuleni.

Kwenye vitanda vya dabo deka aombe cha chini kama ana mzigo mwingi. Khanga mbili zikifungwa kwenye ubao wa juu zinampa sitara pale ambapo hakuna pazia. Shuka kwa kawaida hutolewa, taulo mara nyingi hukodishwa, kwa hiyo abebe lake jepesi pamoja na ndala za bafuni. Soketi za Ufaransa ni za pini mbili za mviringo. Chaja zetu za pini tatu bapa zinahitaji adapta, na Mwanza mjini ni rahisi kuipata kuliko kuitafuta kule usiku. Umeme ni wa volti 230 kama wetu, hahitaji kigeuzi.

Kuhusu eneo, akae karibu na kituo cha metro, asiende kukaa ufukweni kwa kuvutwa na bei tu. Wezi wa mifukoni hupenda msongamano wa Saint-Charles, soko la Noailles na Vieux-Port, hivyo begi livaliwe kifuani. Faraja moja: mwezi Juni jua la Marseille huzama kama saa tatu na robo usiku, kwa hiyo akifika saa moja jioni bado ni mchana mweupe. Namba ya dharura ni 112, na ubalozi wetu Ufaransa uko Paris. Awe na nakala ya pasipoti mbali na pasipoti yenyewe.

SWALI: Nataka kubeba dagaa na unga nijipikie. Wataruhusu?
*Mfanyabiashara wa samaki, Kirumba*

JIBU: Samaki waliokaushwa au kukaushwa kwa moshi wanaingia Umoja wa Ulaya kwa matumizi yako, hadi kilo 20 kwa mtu. Vinavyokatazwa ni nyama na maziwa na vyote vitokanavyo navyo, na samli imo. Maembe yanahitaji cheti cha afya ya mimea, lakini ndizi, nanasi na nazi hazihitaji. Ndugu zetu wa Bukoba wamepona. Funga dagaa kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa.

Kuruhusiwa mpakani ni jambo moja na kuwapika hosteli ni jingine. Jikoni ni pa watu 40, juu kuna kitambua moshi. Ukikaanga mafuta yakafuka, king'ora kitatoa jengo zima nje. Wachemshe kwa nyanya na kitunguu, mfuniko juu, dirisha wazi, nawe usile saa ambayo kila mtu yuko mezani. Sufuria yako ya alumini iache nyumbani: majiko mengi ya kule hupasha kwa sumaku, na alumini haipati moto kabisa. Tumia vyombo vya hosteli, uvioshe papo hapo. Chakula unachoweka kwenye friji kiandike jina na tarehe ya kuondoka. Kisicho na jina hutupwa siku ya usafi. Uliza jiko linafungwa saa ngapi, hasa kama unafunga, maana mara nyingi halifunguliwi saa ya daku.

Ukiishiwa, nenda soko la Noailles, karibu na kituo cha metro chenye jina hilo. Pana nyama ya halali, viungo, mihogo na ndizi za kupika. Marseille ina Wakomori wengi sana, na lugha yao ni jirani ya karibu ya Kiswahili. Salimia tu, utaelewana. Maji ya bomba ni salama kunywa. Okoa fedha ya chupa.

SWALI: Je, kunguni wapo? Siko tayari kuwaleta Bugando.
*Muuguzi, Mwanza*

JIBU: Wanaweza kuwepo hosteli yoyote, hata safi, kwa sababu husafiri na mizigo. Kabla hujafungua begi, liache bafuni au kwenye sakafu tupu. Inua shuka, umulike mishono ya godoro kwa tochi ya simu, kisha nyufa za mbao au matundu ya skrubu ya kitanda cha chuma, upande wa kichwani kwanza. Unatafuta vidoa vyeusi kama nukta za kalamu, magamba, au mdudu bapa wa kahawia wa milimita 5 hadi 7. Ukiona, piga picha uombe chumba kingine, kisichopakana na hicho.

Ukishaumwa, usinyunyize dawa ovyo, utawasambaza. Nguo zifuliwe kwa nyuzi joto 60. Zisizovumilia maji hayo ziwekwe kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa saa 72. Kuanika juani peke yake hakutegemeki, kwa kuwa wadudu hukimbilia upande wa kivuli. Ukirudi, begi lifunguliwe nje, lisiingie chumbani.

SWALI: Nikiwa Marseille naweza kupanda meli kwenda Tunis kisha nikarudi hosteli?
*Msomaji, Nansio, Ukerewe*

JIBU: Meli zipo, hutoka bandari ya Marseille kwenda Tunis, Algiers na kisiwa cha Corsica. Corsica ni Ufaransa, nenda na urudi. Tunis na Algiers ziko nje ya Schengen: viza yako ikiwa ya kuingia mara moja, ukishavuka imekwisha, hata kama siku zimebaki na kitanda umekilipia. Angalia sehemu ya idadi ya kuingia kwenye stika ya viza kabla ya kukata tiketi.

Kwa safari fupi kuna boti za visiwa vya Frioul na ngome ya If kutoka Vieux-Port. Wewe wa ziwani unajua upepo, lakini wa kule, mistral, huvuma kutoka kaskazini mbingu ikiwa safi kabisa bila wingu, na unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Siku hiyo boti huweza kusitishwa asubuhi hiyohiyo. Uliza kwenye kibanda cha tiketi kabla ya kulipa, na ubebe koti la kuzuia upepo hata mwezi Mei.