Anatoglo: klabu ya Wagiriki?

Mkuu, umeuliza kama ukumbi wa Anatoglo pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ulikuwa klabu ya Wagiriki. Hapana. Mgiriki alikuwa mfadhili tu: George Arnautoglu, mwenye mashamba ya mkonge. Jina lake lilitushinda, tukalifanya Anatoglo (na limependeza zaidi, kwa maoni yangu). Ukumbi ulikuwa wa ustawi wa jamii, wa Waafrika.

Uzito wake ni tarehe 17 Aprili 1953. Humo TAA (chama cha Tanganyika African Association) ilifanya uchaguzi, Nyerere akamshinda Abdulwahid Sykes, akawa rais wa chama. Mwaka uliofuata, Julai 7, TAA ikageuka TANU, hatua chache tu kutoka hapo, mtaa unaoitwa Lumumba sasa. Watu wengi wanapita hapo na daladala bila kugeuza shingo.