Kabla hujaiamini namba: kwa wanaoanza kupima mikrojeli juu ya maji

Kazi ya kwanza utakayopewa ni kupima mvutano wa uso, yaani nguvu inayoufanya uso wa maji ujikaze. Maji safi kwenye nyuzi 25 yanasoma milinewtoni 72 hivi kwa mita. Tia mikrojeli kidogo tu (chembe ndogo mno za jeli, nyavu za polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi, zilizovimba kwa maji), namba inaporomoka, halafu inatulia. Yangu ilipotulia niliandika daftarini "tayari", nikaenda zangu.

Hapo ndipo nilipokosea. Chembe ngumu, za silika tuseme, hukaa juu ya maji kama gololi. Mikrojeli ni laini: ikifika usoni hujitandaza, kiini kikabaki katikati na nywele za polima zikasambaa pembeni, mithili ya kofia ya ukingo mpana. Nywele za majirani zikigusana, una utando unaonyumbuka. Nyuso mbili zinaweza kusoma mvutano uleule, moja ikatiririka ukiisukuma, nyingine ikarudi kama mpira.

Mimi nilifunzwa na tone. Lilikuwa likining'inia kwenye sindano, nami nalinyonya polepole. Programu inayokokotoa mvutano kutoka umbo la tone iliendelea kutoa namba safi kabisa, kumbe kwenye picha shingo ya tone, chini kidogo ya ncha ya sindano, ilikuwa imejaa mikunjo ya wima kama mdomo wa mfuko uliokazwa kamba. Programu ile hutumia mlinganyo wa Young na Laplace, unaochukulia kwamba uso unavuta sawasawa kila upande. Utando uliokunjamana hauvuti hivyo. Data za wiki mbili zikaenda na maji. Basi fungua picha kwanza, namba baadaye.

Sampuli nayo ioshwe kwelikweli, kwa kuizungusha kwenye sentrifyuji na kubadilisha maji mara kadhaa. Polima huru zilizobaki kwenye usanisi huwahi usoni kabla ya mikrojeli, ukajikuta unapima uchafu. (Hili huwa hawakwambii.) Na kama mikrojeli zako ni za PNIPAM (polima inayoitikia joto), joto lipime ndani ya sampuli yenyewe, karibu na nyuzi 32 husinyaa.

Jambo la mwisho ni grafu ya unyumbufu. Unapozidi kuubana uso, mara nyingi unyumbufu hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Mara ya kwanza nilipoona mteremko ule nilifungua kifaa chote nikakisugua. Kifaa hakikuwa na kosa.