Sahani za kaharabu zisizo na chapa

SWALI: Ninaishi Columbus, Ohio. Jirani aliyekuwa anahama alipanga vyombo mbele ya gereji yake, nikanunua sahani sita za kioo rangi ya kaharabu na kibakuli cha buluu. Sahani ni za pembe nne, nakshi yake kama lesi, katikati kuna umbo la almasi. Hazina jina popote. Kibakuli kina herufi H kitakoni. Niliambiwa vyote ni vya miaka ya 1930. Nitahakikishaje?

JIBU: Dada, kwenye sahani usihangaike na jina. Vyombo hivi viligandamizwa kwa mashine wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, vikauzwa kwa senti, vingine vikitiwa bure ndani ya maboksi ya oti ili watu wanunue oti. Nani angejisumbua kuvipiga chapa? Kinachomtaja mwenye kazi ni kalibu yake, yaani kifaa kilichokipa kioo umbo na nakshi.

Kwa ulivyoeleza, hiyo ni Madrid, nakshi ya Federal Glass, kiwanda kilichokuwa hapohapo Columbus. Waliitoa kuanzia 1932 hadi 1939.

Kazi iko hapa. Mwaka 1976, Marekani ikiadhimisha miaka 200 ya uhuru, Federal waliitoa tena kwa rangi hiyohiyo ya kaharabu, wakaiita Recollection. Walikuwa waungwana: walificha tarakimu 76 ndani ya nakshi. Basi osha sahani, ikaushe, isogeze dirishani na uiinamishe mwanga uipige ubavuni. Fuata michirizi ya lesi polepole, kwa sababu 76 hiyo ni ndogo na imejibanza kati ya mikunjo. Kagua zote sita. Mimi niliwahi kulipia seti nzima bei ya sahani za 1932 kwa kutazama sahani ya juu tu. Mbili za chini zilikuwa za 1976.

Baadaye kalibu zikahamia kiwanda kingine, Indiana Glass, nao wakaifuta 76 na kutoa rangi nyingine, zikiwemo waridi na buluu. Ndiyo maana Madrid ya waridi au ya buluu hunitia wasiwasi kuliko hiyo yako.

Mikwaruzo ya visu usiitegemee. Sahani ya 1976 nayo imekwisha kulisha watu karibu nusu karne.

Tukija kwenye kibakuli, tazama H hiyo imekaaje. Ikiwa ndani ya almasi, ni Heisey wa Newark, Ohio, kiwanda kilichofungwa 1957, na hapo umeokota kitu. Ikiwa H kubwa yenye A ndogo chini yake, kati ya miguu, ni Hazel-Atlas, waliokuwa Wheeling, West Virginia. Wauzaji wengi huona H tu, wakabandika bei ya Heisey. Na kama nanga imepita katikati ya H, ni Anchor Hocking wa Lancaster, Ohio, na kuna vingi tu sokoni.

Ukishauriwa umulike kwa taa ya UV (miale ya urujuanimno), mulika ukipenda. Kioo chenye madini ya urani hung'aa kijani, lakini viwanda vingi vilitumia urani na hadi leo kipo kinachotengenezwa, kwa hiyo mng'ao haukutajii kiwanda wala mwaka.

Kwenye mashine ya kuoshea vyombo usipeleke hata kimoja: kioo hiki kikishafubaa humo, hakisuguliki kikarudi.